Yakushima, Sado au Naoshima? Kuchagua kisiwa kimoja Japani

Tokyo umeshaiona, Kyoto umeshapigana vikumbo na umati wake, na ratiba imebakiza siku tatu au nne. Unataka kisiwa. Serikali ya Japani ilipohesabu upya visiwa vyake mwaka 2023 ilipata 14,125, kwa hiyo ukianza kuvipitia kimoja kimoja likizo itaisha hujatoka hotelini. Wasafiri wengi wanaotaka maumbile na utamaduni hukwama kwenye majina matatu: Yakushima, Sado na Naoshima.

Yakushima iko kusini, mkoa wa Kagoshima: kilomita za mraba zipatazo 500, katikati ni milima tu na vijiji vimeshikilia ukingo wa bahari. Sado iko upande mwingine kabisa, Bahari ya Japani, mkoa wa Niigata. Ina kilomita za mraba 855, ndogo kidogo kuliko Pemba. Naoshima, mkoa wa Kagawa, imetulia ndani ya Bahari ya Seto na ina kama kilomita 8 za mraba tu. Msitu, historia, sanaa: hivyo ndivyo watu huvigawa kwa haraka. Mgawo huo si uongo, ila haukusaidii kuamua, kwa sababu kila kimoja kina kidogo cha mwenzake.

Vigezo

Nitavipima vyote kwa mambo yale yale: safari ya kufika, maumbile, utamaduni, miguu na usafiri wa ndani, msimu, kisha chakula na malazi. Naongeza kigezo kimoja ambacho vitabu vya watalii hukikwepa: siku ikiharibika, mvua ikashuka au bahari ikachafuka, kisiwa kinakubakizia nini? Kwangu hicho kina uzito kuliko vyote. Siku nzuri kila kisiwa ni kizuri.

Kufika

Naoshima ndiyo rahisi. Shinkansen, ile treni ya kasi, hutoka Tokyo hadi Okayama kwa kama saa tatu na nusu. Kutoka hapo treni ya kawaida hadi bandari ya Uno ni saa moja hivi, na feri inavuka kwa dakika 20. Ukitokea Takamatsu, feri ni dakika 50. Ukilala mji wowote kati ya hiyo unaweza kwenda na kurudi siku ileile.

Sado inataka nusu siku. Shinkansen hadi Niigata ni saa mbili, basi fupi hadi bandarini, halafu unachagua: feri kubwa inayobeba magari, saa mbili na nusu hadi Ryotsu, au boti ya kasi, zaidi kidogo ya saa moja. Feri ni nafuu, na daraja la chini lina ukumbi wa zulia ambamo abiria huvua viatu na kujinyoosha sakafuni. Kama huna haraka, panda hiyo.

Yakushima ndiyo ya mbali. Ndege ya Tokyo hadi Kagoshima ni karibu saa mbili, kisha boti ya kasi ya saa mbili au karibu tatu kutegemea inapopitia, ama feri ya kama saa nne. Zipo pia ndege ndogo zinazotua kisiwani kutoka Kagoshima, Fukuoka na Osaka. Kwa vyovyote, kwenda na kurudi kunakula sehemu kubwa ya siku mbili. Asiye na usiku tatu wa kulala pale asijisumbue.

Jambo moja kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki: viza huombwa kabla ya kuondoka, na maombi yanadai ratiba ya siku kwa siku. Uamuzi huu basi unafanyika ungali nyumbani na fomu mezani.

Maumbile

Hapa Yakushima haina mpinzani kati ya hivi vitatu. Kisiwa ni jabali la matale lililoinuka kutoka baharini hadi kilele cha Miyanoura, mita 1,936, ambacho hakuna kinachokizidi katika Kyushu yote. Upepo wenye unyevu unagonga ukuta huo na kumwaga maji. Wenyeji husema mvua yao hunyesha siku 35 kwa mwezi. Ni utani wenye mizani: pwani hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, na milimani hufika mara mbili yake.

Mvua hiyo ndiyo iliyozaa mierezi ya huko, iitwayo sugi. Mti haupewi jina la heshima la yakusugi mpaka utimize miaka 1,000. Walio chini ya hapo wanaitwa kosugi, yaani sugi wadogo, hata kama wana miaka 800. Udongo juu ya matale ni mwembamba na hauna rutuba, mti unakua polepole, pete zake zinabanana na utomvu unajaa, basi hauozi upesi. Njaa ndiyo iliyowapa umri. Mkubwa kuliko wote, Jomon Sugi, una mzingo wa zaidi ya mita 16. Umri wake unakadiriwa kuanzia miaka 2,170 hadi 7,200, na tofauti ni kubwa kiasi hicho kwa sababu moyo wa mti umeoza na pete za katikati hazipo tena za kuhesabiwa.

Msitu huo uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993, lakini usidhani haujaguswa. Umekatwa kwa karne nyingi. Njia ya kwenda Jomon Sugi inafuata reli ya zamani ya wakata magogo, na kando yake kuna kisiki cha Wilson, kilichopewa jina la mtaalamu wa mimea aliyekitembelea mwaka 1914. Ni kipana hata watu wanaingia ndani na kutazama mbingu kupitia tundu lenye umbo la moyo. Miti mingi mizee iliyobaki ilinusurika kwa sababu ilikuwa imepinda na haifai kuchanwa mbao. Bonde la Shiratani Unsuikyo, lenye zulia la vimea vidogo vya kijani juu ya kila jiwe, lina njia fupi zaidi. Barabara ya magharibi ina kima na kulungu wanaokaa katikati ya lami kana kwamba wewe ndiye mgeni, jambo ambalo ni kweli. Na ufuo wa Nagata ni miongoni mwa mahali pakubwa pa kasa kutagia mayai katika Pasifiki ya Kaskazini, kuanzia Mei hadi Julai au Agosti; usiku kuna masharti ya kuingia ufuoni, na yafuatwe.

Maumbile ya Sado ni ya mashambani zaidi. Safu mbili za milima na tambarare ya mpunga katikati yake. Kivutio chake ni ndege: toki, jamii ya kwarara, mweupe mwenye rangi ya waridi chini ya mbawa na uso mwekundu. Mwaka 1981 watano wa mwisho waliobaki porini nchini Japani walikamatwa ili wazalishwe kwenye vizimba. Haikufaulu, na mzawa wa mwisho wa Japani alikufa mwaka 2003. Kizazi cha sasa kilianza na jozi iliyotolewa na China mwaka 1999. Wakaachiwa porini kuanzia 2008, na leo wanahesabika kwa mamia. Kilichowezesha ni wakulima kupunguza dawa na kuacha maji mashambani hata baada ya mavuno ili vyura na wadudu wapate pa kuishi. Ukiwaona shambani, baki ndani ya gari. Kaskazini kuna Onogame, jabali moja la mita 167 linaloingia baharini, ambalo mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni hupambwa na maua ya manjano.

Naoshima ina bahari tulivu, misonobari na machweo mazuri. Sehemu ya kaskazini ina kiwanda cha kuyeyusha shaba tangu 1917, ambacho moshi wake wa zamani uliviacha vilima vya jirani uchi. Usiende kwa ajili ya maumbile peke yake.

Utamaduni

Sado inaongoza hapa, na kwa njia ya ajabu: ilitajirishwa na watu waliopelekwa kwa nguvu. Ilikuwa kisiwa cha uhamisho. Mfalme mstaafu Juntoku alitupwa huko mwaka 1221, mtawa Nichiren mwaka 1271, na Zeami, bingwa wa tamthilia ya Noh, mwaka 1434 akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Kisha ikaja dhahabu. Mgodi wa Aikawa ulianza mwaka 1601 na kufungwa 1989. Mashimo yake yote yakiunganishwa ni kama kilomita 400. Nje unaona mlima wa Doyu uliopasuliwa kuanzia kileleni na wachimbaji waliofuata mkondo wa madini kwenda chini. Hakuna picha inayokutayarisha kwa mpasuko ule.

Ofisa wa kwanza wa mgodi alikuja na waigizaji wa Noh, na mchezo wa mabwana ukageuka kuwa mchezo wa wakulima. Sado ilipata kuwa na majukwaa ya Noh zaidi ya 200. Yamebaki zaidi ya 30, mengi kwenye viwanja vya mahekalu vijijini. Mwezi wa Juni hasa, wanakijiji huigiza usiku kwa mwanga wa moto. Unakaa juu ya majani, mbu wanakuuma, na mtu aliyevaa kinyago anachukua dakika nzima kuvuka jukwaa. Wengine husinzia. Wengine hawasahau.

Migodi ya Sado iliingizwa Urithi wa Dunia Julai 2024 baada ya mvutano na Korea Kusini, kwa sababu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wakorea wapatao 1,500 walifanyishwa kazi humo. Maelezo juu yao yamewekwa kwenye makumbusho ya Aikawa, si ndani ya mgodi wenyewe. Nenda kote kuwili. Kusini, Ogi, utapanda tarai-bune, chombo cha mbao cha mviringo kama beseni kubwa ambacho wanawake wa huko walikitumia kuvuna konokono wa baharini na mwani kati ya miamba. Jirani yake kipo kijiji cha mafundi wa jahazi cha Shukunegi, chenye vichochoro ambavyo mtu wa Lamu asingepotea. Na Agosti kikundi cha ngoma cha Kodo, chenye makao kisiwani, hufanya tamasha lililoanza mwaka 1988.

Utamaduni wa Naoshima ni wa juzi, na haujifichi. Kampuni ya uchapishaji ya Okayama, kwa sasa Benesse, ilikubaliana na meya wa kisiwa, na mwaka 1992 ikafungua makumbusho yenye hoteli ndani yake. Mwaka 2004 ikaja Chichu, iliyosanifiwa na Tadao Ando na kuzikwa kilimani ili isiharibu sura ya pwani. Ndani kuna michoro ya Claude Monet inayotazamwa kwa mwanga wa jua peke yake. Wingu likipita, rangi zinabadilika. Kijijini Honmura, nyumba kuukuu zimekabidhiwa wasanii, na katika Minamidera, ambalo ni jengo jipya, unaingizwa kwenye giza totoro na kuambiwa ukae, mpaka macho yaanze kuona. Boga la manjano la Yayoi Kusama lililoko gatini lilisombwa na kimbunga Agosti 2021, likarudishwa mwaka uliofuata. Kama sanaa ya kisasa hukuudhi, kisiwa hiki kitakuudhi kuanzia bandarini. Kama umewahi kuifikiria hata kidogo tu, kitakubadilisha zaidi ya makumbusho yoyote ya mjini, kwa sababu kati ya kazi moja na nyingine unatembea ukiwa na bahari pembeni na muda wa kutafakari ulichokiona.

Yakushima ina machache: mapokeo ya vijiji kupanda milima kuabudu miungu yake, historia ya wakata mbao waliolipa kodi kwa vigae vya mwerezi, na mabaki ya kijiji cha wafanyakazi wa msitu cha Kosugidani, kilichohamwa mwaka 1970. Yanatosha kuupa msitu maana. Hayatoshi kujaza siku mbili.

Miguu na magurudumu

Jomon Sugi ni kilomita 22 kwenda na kurudi, mwendo wa saa nane hadi kumi, kuanzia gizani. Miezi ya Machi hadi Novemba magari binafsi hayaruhusiwi hadi mwanzo wa njia. Unapanda basi maalumu alfajiri. Vyoo ni vya kuhesabu, ndiyo maana wapandaji hubeba vifuko vya choo vya kutumia na kurudi navyo. Mwenye magoti mabovu asikate tamaa: Yakusugi Land ina njia za mbao za nusu saa, na mti uitwao Kigen Sugi, unaosemekana kuwa na miaka 3,000, unaufikia kwa gari.

Sado bila gari ni mateso. Mabasi yapo, lakini machache, na ukilikosa moja umepoteza adhuhuri yako. Yakushima nayo ni afadhali kukodi. Japani huendeshwa kushoto, kwa hiyo dereva wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hana cha kujifunza, na gari lenyewe huenda ni pacha wa alilonalo nyumbani. Wa Bujumbura au Bukavu aanze polepole. Angalia kibali chako cha kimataifa cha udereva: Japani inatambua vile vya Mkataba wa Geneva wa 1949, si vya mwaka mwingine. Mkataba ulioandikwa kwenye jalada ndio utakaosomwa kaunta.

Naoshima: baiskeli, ya umeme ikiwezekana, kwa sababu vilima ni vifupi lakini vikali. Au basi dogo.

Msimu

Yakushima ni nzuri Aprili, Mei, Oktoba na Novemba. Juni ni mvua za tsuyu, Agosti na Septemba ni vimbunga, na Januari milimani kuna theluji, ingawa pwani watu wanachuma machungwa. Sado ni Mei hadi Oktoba. Baridi ikiingia bahari inachafuka na boti za kasi hupungua. Naoshima huendeka mwaka mzima, ila ogopa Jumatatu kuliko mvua: ndiyo siku ya makumbusho mengi kufungwa, na ikiangukia sikukuu, hufungwa Jumanne. Chichu inataka tiketi ya saa maalumu iliyonunuliwa mapema kwenye intaneti. Ukienda hivihivi, huenda ukaishia kupiga picha boga.

Chakula, malazi na kuoga

Samaki kote. Yakushima ni samaki arukaye, anayekaangwa mzima na mbawa zake zimetandazwa. Sado ni wali wake, unaosifiwa nchi nzima, na kaa. Naoshima ni mikahawa midogo inayofunga mapema. Wanaokula halali wajue kwamba hata samaki hupikwa na mirin au sake, ambavyo ni vileo, na hakuna atakayekuambia usipouliza. Nunua vyakula vyako dukani bara kabla ya kuvuka, na beba noti: si kila nyumba ya wageni inapokea kadi.

Nyumba za kulala Naoshima ni ghali au zimejaa, na wengi hulala Uno au Takamatsu. Sado na Yakushima zina nyumba za wageni za kifamilia zenye chakula cha jioni.

Kuhusu kuoga: Hirauchi, kusini mwa Yakushima, kuna chemchemi ya maji moto iliyomo baharini, inayoonekana maji yakipwa tu, mara mbili kwa siku. Wanaume na wanawake huoga pamoja na nguo za kuogelea haziruhusiwi. Wengi wetu tutaitazama kwa mbali, na haina ubaya. Bafu la sanaa la Naoshima, karibu na bandari, limetenganisha wanaume na wanawake.

Siku ikiharibika

Mvua ikinyesha Naoshima, hujapoteza kitu. Vingi viko ndani, na mwanga wa mawingu una mchezo wake Chichu. Siku mbaya ya Naoshima ni ile uliyokosea kalenda.

Mvua ikinyesha Sado, mgodi ni wa kufunikwa na joto lake ni lilelile la baridi kidogo mwaka mzima, makumbusho yapo, na nyumba za Shukunegi zipo. Siku mbaya ya Sado ni boti iliyofutwa.

Mvua ikinyesha Yakushima, kuna mbili. Ikiwa ya kawaida, msitu unapendeza kuliko kwenye jua, na Shiratani hasa huhitaji ukungu. Ikiwa kubwa, mito inavuka njia na safari ya Jomon Sugi inafutwa, pengine siku mbili mfululizo, na ndani ya kijiji hakuna cha kukushika. Ni siku mbaya kuliko zote tatu. Hiyo ndiyo kodi ya msitu ule, na mtu aamue mwenyewe kama anaweza kuilipa.

Nani aende wapi

Una siku moja au mbili, huna gari, huna haja ya kuchoka: Naoshima, na siyo Jumatatu.

Uko na wazazi au watoto, na mnataka kila mtu apate chake: Sado kwa usiku mbili na gari la kukodi. Mtoto atapenda beseni la Ogi na kuchekecha dhahabu Nishimikawa, bibi atapenda mahekalu, na wewe utaendesha kwenye barabara tupu.

Una siku nne au zaidi, viatu vizuri, na koti la mvua lisilo la mzaha: Yakushima. Panga safari ya Jomon Sugi siku ya kwanza kamili, ili ikifutwa uwe na ya akiba.

Unapenda msitu ila mwili hautaki saa kumi za kutembea: bado Yakushima, kwa Shiratani na Yakusugi Land, na hutakuwa umeona nusu tu. Mti mmoja maarufu sio msitu.

Unafuatilia historia yenye makovu: Sado. Unasoma usanifu majengo au sanaa: Naoshima, na uongeze siku ya kuvuka hadi Teshima jirani.

Umekwama kati ya Sado na Yakushima? Tazama tiketi yako ya kurudi nyumbani. Ikiondokea Tokyo, Sado iko karibu. Na popote utakapoenda kati ya hivyo viwili, vuka kurudi bara siku moja kabla ya ndege yako, usingoje siku ileile.